Mwandika Kadi wa Chuo cha Ng'ambo

"Hivi, jirani, chuo chenye ofisi lakini hakina darasa hata moja, kinauza nini?"

Swali hilo mama mmoja aliulizwa na mshona nguo wa mlango wa pili, miaka mitatu iliyopita, siku aliyorudi nyumbani na habari kwamba amepata kazi ya uhudumu. Walikuwa wanaanika nguo. Alicheka, akajibu kwamba hakiuzi kitu, ni chuo. Mshona nguo akatoa kibanio mdomoni, akasema: "Haya. Mimi duka nisiloona bidhaa huwa naangalia anayeingia ni nani."

Saa moja kasoro robo asubuhi, mama huyo wa miaka hamsini na moja yuko ghorofa ya tatu, anafungua mlango wa kioo wenye nembo ya chuo kikuu kilicho umbali wa saa kumi na moja kwa ndege. Anavua viatu vya njiani, anavaa ndala. Anafungua madirisha mawili tu, kwa kuwa la tatu linaingiza moshi wa jenereta ya jirani. Anajaza birika, anainamisha kichwa kidogo kwa sala yake fupi, kisha anakaa kwenye meza iliyobanwa kati ya jokofu na ukuta, anachukua kalamu ya wino mzito na kuanza kuandika.

Anaandika kadi. Kila kadi jina moja, kila jina kiti kimoja. Ndiyo maana ofisini wote wanamwita Mama Kadi.

Mashine ya kuchapa ipo. Lakini mkurugenzi, mwanamume mrefu aliyetumwa kutoka huko huko ng'ambo na ambaye kila mtu anamwita Profesa, aliona mwandiko wake kwenye kopo la sukari, akaamuru kadi zote za wageni wa mikutano ziandikwe kwa mkono ule.

"Mwandiko wa darasa la saba huo," anasema Mama Kadi. "Mwalimu wetu ukipindisha herufi alikuwa anakupiga vidole kwa rula. Sasa nawaandikia mabwana wakubwa, sipindishi."

Ofisi ina vyumba vitatu na sebule ya viti vya ngozi. Ukutani kuna picha za vijana wanaocheka kwenye majani mabichi. Ubao wa kufundishia hakuna. Mwalimu hakuna. Kijana anayekuja kuulizia masomo anapewa kijitabu na kuambiwa ajaze fomu kwenye mtandao, jambo ambalo angeweza kulifanya akiwa kwao.

"Vijana wanapewa maji ya chupa," anasema. "Wakubwa wanapewa chai na keki. Na wakubwa wenyewe hawaji kusoma."

Hao wakubwa ni watu wa wizarani, wa mabenki, wakuu wa vyuo vya hapa. Wahariri pia. "Ndiyo, hata wenzenu huja," anamwambia mwandishi wa gazeti hili, na anacheka mpaka anashika kiuno. "Keki wanaipenda hao!"

Mwaka jana vijana 412 waliomba ufadhili kamili wa chuo hicho. Walipata sita. Orodha ilibandikwa ukutani, na Mama Kadi akaisoma huku anafuta vumbi. Majina manne kati ya yale sita yaliishia kwa majina ya ukoo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika kwenye kadi za safu ya mbele.

"Sikuwa nachunguza, Mungu ni shahidi yangu. Mkono ndio uliokumbuka. Huenda watoto wale wana akili. Mtoto wa mkubwa naye anaweza kuwa na akili, hajakatazwa. Lakini wanne kati ya sita?"

Alimuuliza mratibu wa ofisi, kijana wa hapa hapa avaaye suti za kubana. Mratibu akamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya mfumo."

"Mfumo ndiye nani?" akauliza Mama Kadi. "Nimwandikie kadi?"

Mratibu hakucheka.

Mama Kadi ana watoto watatu. Wawili wa kwanza walikomea kidato cha nne. Akili walikuwa nazo, ada haikuwapo. Mshahara wake ukishatoa kodi ya vyumba viwili haufiki tarehe ishirini. Aliyebaki ni kitindamimba, binti wa miaka kumi na tisa, aliyeongoza shule yake kwa somo la kemia. Naye alikuwa mmoja wa wale 412, na jina lake halikuwa kwenye orodha ya ukutani. Mwaka huu akaomba tena.

Kisha likatokea kosa la viti.

Ofisi iliandaa mkutano mkubwa, na kitambaa kikatundikwa mlangoni: SIKU YA WANAFUNZI. Kwa kawaida mratibu humpa Mama Kadi orodha yenye namba za safu. Safari hii alimpa majina matupu. Aliona hapana haja, kwani kila mtu anajua wakubwa wanakaa wapi.

"Nikatazama kitambaa," anasimulia. "Nikajiambia, siku yao, basi wao mbele. Harusini bibi harusi hakai nyuma ya nguzo."

Akaweka vijana thelathini walioomba nafasi kwenye safu mbili za mbele, binti yake akiwa miongoni mwao. Ofisa mmoja mkubwa wa wizara akaingia, akaitembea safu ya mbele yote akisoma kadi, mithili ya mtu aliyepoteza ufunguo. Alijikuta safu ya tano. Nyuma ya nguzo.

"Mama Kadi, umeniua," mratibu alimnong'oneza.

"Basi nikawahamishe."

"Utawahamisha vipi na wapiga picha wameshaanza!"

Wiki mbili alikwenda kazini, sabuni na taulo lake la ofisini vikiwa vimeshafungwa kwenye mfuko, tayari kwa kufukuzwa. Hakufukuzwa. Picha zilifika makao makuu ya chuo, na huko wakazipenda mno: vijana mbele wakiandika, viongozi nyuma wakisikiliza. Wakauliza yule msichana mwenye daftari katikati ni nani. Profesa akajibu kwamba ni binti wa mhudumu wa ofisi.

Haukupita mwezi, barua ikaja. Ufadhili kamili, miaka minne, pamoja na tiketi ya ndege.

"Mtu mwingine angepiga vigelegele," anasema Mama Kadi. "Mimi nikajiuliza. Kabla ya picha walimwona na kumwacha. Baada ya picha amekuwa wa kwanza. Sasa hapo katikati alisoma nini cha zaidi?"

Siku iliyofuata alimpelekea Profesa chai, akabaki amesimama na sinia.

"Profesa, naomba kuuliza, na usinifukuze."

"Uliza, mama."

"Nyinyi mnapata nini?"

Kwa maelezo ya Mama Kadi, bwana huyo angeweza kumpa jibu la kijitabu, lakini alivua miwani. Akamwambia kwamba kwao vijana wanapungua, madarasa yanabaki wazi, na kwa kila mmoja anayesomeshwa bure wako wengi wanaolipa ada kamili. Akasema pia chuo kinatafuta watafiti wa kushirikiana nao, na kinataka jina lake lijulikane.

"Na serikali yetu inatusaidia kodi ya ofisi hii," akasema. "Ubalozi unazungumza na serikali yenu. Sisi tunazungumza na watu. Kijana akikaa kwetu miaka minne, akapata marafiki, akapendwa, atarudi hapa. Baada ya miaka ishirini ni mkubwa mahali fulani. Simu ya kutoka kwetu ikilia, ataipokea kwa furaha."

"Na akishaipokea, mnamwomba nini?"

"Mara nyingi hatumwombi kitu."

"Na hizo mara chache?"

Profesa akaonja chai, akasema leo imekolea vizuri.

Alipoulizwa na gazeti hili, Profesa hakukana mazungumzo hayo. "Si siri," alisema. "Vyuo vya nchi nyingi vinafanya hivi, na wanaosoma wanafaidika kweli. Nilimjibu mama yule kwa heshima, kwa sababu aliuliza vizuri kuliko mabalozi." Kuhusu majina manne ya mwaka jana, alisema uteuzi ulifuata taratibu. Taratibu zenyewe hakuzionyesha.

Nyumbani, mjadala uliendelea juu ya sufuria.

"Mama, wao wana lao na mimi nina langu," binti alisema. "Mimi nataka kusomea dawa. Wakinitumia, na mimi nawatumia."

"Utawatumia wewe na nani? Wao wana jengo. Wewe una begi."

"Begi lenye kemia, mama."

"Kemia! Haya, kemia. Ikuonyeshe basi walichokichanganya humo."

Walicheka wote wawili, ila mama hakulala vizuri. Binti alikuwa pia na nafasi katika chuo cha hapa nchini, lakini bila mkopo wala ada ilikuwa nafasi ya kwenye karatasi tu. Barua ya ng'ambo ilikuwa mlango pekee ulio wazi, na ilitakiwa kutiwa saini ndani ya siku thelathini.

Mama Kadi alisali juu ya jambo hilo kwa siku tisa. Siku ya kumi alikata shauri.

"Aende," anasema. "Aende na macho yake mawili. Asome, arudi, afungue maabara ya kupima dawa. Maduka ya mtaani kwetu yanauza vidonge vya chaki, watu wanameza chaki na kuzikwa. Huo ndio mpango wetu, na nimemwapisha. Hiyo simu yao ikilia, atajua mwenyewe la kujibu, nimemlea."

Likabaki jambo moja. Makao makuu yaliomba filamu fupi ya dakika mbili, mwombaji akisimulia maisha yake, kabla saini za mwisho hazijawekwa.

Ijumaa saa nne asubuhi, sebule ya viti vya ngozi imejaa taa. Mpiga filamu anapima mwanga. Binti ameketi, nywele zimesukwa upya, na mratibu anamkabidhi karatasi moja iliyopigwa chapa. Mama Kadi anaingia na maji.

Binti anasoma kwa sauti, kujaribu. "Mama yangu ni mfagizi asiyejua kusoma wala kuandika. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitabu. Ofisi hii ilipofunguliwa, ndipo nilipopata..." Anaacha. "Hii kaandika nani?"

"Makao makuu," anasema mratibu. "Ya kugusa moyo tu, dada. Watu wa kule wanapenda hivyo."

"Mama ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikiwa na miaka minne, kwa maandishi ya mifuko ya unga."

"Najua. Sisi sote humu tunajua. Ni sentensi moja, sekunde nne."

"Basi niseme ya mifuko ya unga. Hiyo nayo inagusa moyo."

"Imeshapitishwa, dada. Haibadilishwi huku."

Binti anamtazama mama yake. Mama Kadi amesimama na sinia.

"Soma, mwanangu," anasema. "Mimi sitapungua kitu. Ninachokijua, Mungu anakijua."

"Mama."

"Nimesema soma. Miaka minne hii! Kwa sekunde nne?"

Mpiga filamu anauliza kama wako tayari. Taa nyekundu ya kamera inawaka. Binti ananyoosha mgongo, anatazama mbele.

"Mama yangu," anasema, na anaishia hapo.

"Ni mfagizi," mratibu anamnong'oneza. "Ni mfagizi asiyejua..."

Binti anaikunja karatasi mara mbili, anaiweka juu ya kiti alichokalia, anasimama. Barua ya ufadhili iko mezani na kalamu juu yake. Haigusi.

"Dada, subiri," anasema mratibu. "Ukitoka hapo siwezi kukutetea. Nafasi hii wako wanaoililia."

Profesa anafungua mlango wa chumba chake na kuuliza kuna nini. Taa nyekundu bado inawaka.

Binti anapokea sinia kutoka mikononi mwa mama yake, analiweka sakafuni taratibu, maji yasimwagike. Kisha anapita katikati yao, anavuta mlango, anatoka.