Hedfoni za Ukutani

Fundi wa ile studio ya nyuma ya soko la Kasulu kila akirekodi huinua kidole juu kama mwalimu wa zamu. Ngoma za kompyuta huzitolea kwenye spika ya bluetooth, ambayo hata wauza simu wanajua inachelewesha sauti. Hedfoni za waya anazo, zinaning'inia ukutani ndani ya nailoni yake, eti zisichakae! Gitaa likibaki nyuma ya ngoma, anasonya, anafuta. "Mkono wako mzito, mzee." Anamwambia nani? Adolphe, anayeipigia gitaa kwaya yetu huko kambini Nyarugusu tangu huyu fundi hajaota ndevu. Mara saba! "Patron, mi nafwata ngoma yenye nasikia," Adolphe alijibu kwa upole, mimi nikichemka. Mara ya nane fundi akasimama mwenyewe mbele ya maiki, akapiga makofi kumwonyesha mapigo yanavyofuatwa. Akasikiliza alichorekodi. Makofi yake yalibaki nyuma ya ngoma vilevile kama gitaa. Akaitazama spika, akazitazama hedfoni, akashusha kidole. "Kompyuta imechoka hii," akasema. Saa nzima kosa lilikuwa la mkono wa Adolphe.