Jumapili Niliyomharibia Baba Wimbo

Kila nikimwona mtu anachezea vitufe vya kinanda cha umeme, hukizima papo hapo. Vijana wangu wa kwaya hapa Chumbageni hudhani ni ukali tu wa mwalimu. Waache wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia.

Baba alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya wa usharika wetu wa Kilutheri. Alishuka Tanga kutoka milima ya Usambara akiwa kijana, akajifunza kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kile kilichohema kama mzee anayepanda ngazi. Kila Jumamosi alituahidi kutupeleka pwani ya Ushongo tukaogelee, na kila Jumamosi ilikuja sababu: besi hawajashika, alto wanavuta, askofu anakuja. "Jumamosi ijayo, mwanangu," alisema, tayari yuko mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi, na hiyo Jumamosi ijayo ilikuwa imenichosha kabisa.

Mwaka huo usharika ukapata kinanda cha umeme. Baba hakukipenda. Alijifunza kukiwasha na kukizima, basi. Vitufe vingine aliviita mapambo. Mimi nilivichezea vyote kabla ya mazoezi, nikagundua kimoja kilichopandisha sauti zote kwa pamoja: kila ukikibonyeza, Do yako ya kawaida inatoka juu zaidi kwa nusu sauti.

Jumapili ya kipaimara, askofu akiwa ameshaketi, nilipita pale kana kwamba naokota kitabu, nikakibonyeza mara nne. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Soprano watapayuka, watu watacheka, wazee wa kanisa watampa mtu mwingine kwaya, na Baba atakuwa wetu.

Baba akapiga mstari wa utangulizi, akasita. Akavitazama vile vitufe, akapangusa viganja kwenye suruali. Kisha akaanza upya, polepole, vidole vikishuka chini kutafuta vibonye vyeusi ambavyo wimbo ule haukuwahi kuvihitaji. Kwaya ikaimba kwa kimo kile kile ilichokizoea. Hakuna aliyepayuka. Nilikasirika nusura nilie. Katika beti nne Baba alikosea mara mbili tu, lakini alikosea mbele ya askofu, na shati lilimlowa mgongo mzima.

Jumatano yake mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani. "Mwalimu, hiki kinanda kipya kimekushinda. Tuwaachie vijana."

Mama alipandwa na hasira. "Mzee, umeipokea shikamoo yangu hapo mlangoni huku umetubebea neno hilo?"

"Mwache, Mama," Baba alisema. "Nilikosea, kila mtu alisikia."

Jumamosi tulikwenda Ushongo. Baba alikaa mchangani na viatu vyake miguuni. Mimi niliogelea nikijiona mshindi.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, mwalimu wa kwaya ile ile. Siku moja mazoezini soprano walikuwa na mafua, nikajaribu kuushusha wimbo kwa vidole vyangu bila kugusa kitufe. Hata ubeti mmoja ulinishinda. Mimi niliyesoma nota kuliko Baba, nilishindwa bila askofu, bila umati, bila mtu wa kunicheka! Yeye aliuhamisha wimbo mzima kichwani papo hapo, ili kwaya yake isiaibike. Wale waliomwondoa walisikia makosa mawili. Mtu pekee aliyejua kilichotokea alikuwa mimi, na nilinyamaza.

Baba bado yupo. Hukaa benchi la tatu, na ibada ikiisha huja kunishika mkono. "Umepiga vizuri, mwanangu," husema. "Mimi hiki kinanda kilinishinda."

Hakikumshinda, jamani. Nalijua hilo kila Jumapili, na kila Jumapili humjibu, "Asante, Baba," nikageuka kukusanya vitabu.