Kebari na Kibali

Mume wangu alipopata kiharusi, mkono wa kushoto ulibaki unaning'inia tu, na yeye mwenyewe akabaki kwenye kiti cha dirishani, nyumbani kwetu Mbeya, akiangalia malori yanayokwenda Zambia. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, tena na ukali wake wote. Mkono ukagoma. Ningeweza kuishi na mkono uliogoma. Kilichonitisha ni kumwona mwenye mkono naye anagoma. Hakutaka kulishwa, sawa. Hakutaka kukatiwa nyama, sawa. Lakini hata vifungo vya shati hakutaka nimfunge. Mashati yakabaki kabatini, akawa mtu wa fulana na sweta, vitu vya kupitisha kichwani, mpaka kanisani. Nikinyoosha mkono tu: "Mama, niache." Haya, namwacha. Naenda jikoni kulia na vitunguu, hata siku ambazo vitunguu sina.

Mtu huyu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, Mufindi, na huko ndiko alikojifunza kuvua trauti, wale samaki wa mito ya baridi. Alikuwa na fimbo yake nzuri ya kuvulia, ya kizungu, yenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Siku moja nikasikia kishindo uani. Namkuta ameibana fimbo kwa magoti, mkono mmoja unahangaika na kile kigurudumu, mshipi umejiviringisha kwenye kamba yangu ya nguo. Hakunitazama. Akasema, "Katupe." Sikuitupa, nimekuwa mwehu? Niliificha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Ila tangu hapo habari za samaki zikafa nyumbani. Hata dagaa nilikuwa nawapika kimyakimya.

Ndipo akaja mdogo wangu. Ana saluni Iringa mjini, na mdomo wake hauna likizo. Hata maji ya kunywa hajapewa, akatoa kwenye mkoba kitu chenye urefu wa mwiko wa ugali. Akavuta ncha. Ikatoka, ikatoka tena, ikazidi kutoka, kama antena ya redio ya zamani, mpaka ikafika upande wa pili wa sebule na kuangusha kalenda ukutani.

"Shemeji, fimbo hii haina mashine," akasema. "Mshipi unaufunga huku kwenye ncha, basi. Mkono mmoja unatosha. Ni ya Wajapani, inaitwa tenkara."

Mume wangu akaigeuzageuza. "Haina kigurudumu?"

"Haina."

"Sasa samaki akishashika, mshipi unauvutaje?"

"Hayo utayajua hukohuko mtoni," akajibu mdogo wangu, akaenda kujimiminia chai.

Kumbe wenzetu wa Iringa walikuwa wameshaambukizana. Wana grupu lao kwenye simu: dereva wa lori la magogo, walimu, padri mmoja, mama muuza vitumbua. Wenye fimbo za kutoka nje wanazo, wasio nazo wamechonga za mianzi, na kila anayechonga lazima ataniwe kwamba mwanzi wake ulikuwa wa kugemea ulanzi, ile pombe ya mianzi, ndiyo maana unayumba. Kutwa kucha wanabishana juu ya nzi bandia. Tenkara haitaki chambo cha kweli. Ndoano unaivisha uzi na unyoya, samaki adhani ni mdudu. Wajapani wanaiita kebari. Mdogo wangu anazifunga saluni, ndoano ameibana kwa kibanio cha nywele, uzi ni uleule wa kusukia wateja. Manyoya aliyochukua kwangu aliyang'oa kwa jogoo wangu, shingo ikabaki wazi kama ya tai. Nilisema sana siku ile.

Sasa sisi watu wa huku, r na l ni binamu, zinalala kitanda kimoja. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, yeye r hata hajawahi kukutana nayo. Kwake zikawa "kebali." Mimi nikamtania kwamba kwa namna anavyotamka, mtu atadhani anazungumzia kibali cha ofisini, au kile kibali tunachokiomba kanisani, kibali mbele za Mungu na mbele za watu. Hakucheka. Lakini akazipanga kebari zake kwenye kopo la dawa ya viatu, na wiki iliyofuata akasema mwenyewe kwamba twende Mufindi. Nikafungasha haraka, asije akabadili mawazo. Nilijua kabisa kwamba safari hii ikiharibika, kwenye kile kiti cha dirishani hatatoka tena.

Mufindi tulifika asubuhi, ukungu bado umekalia chai. Mdogo wangu, aliyetokea Iringa kukutana nasi, akabaki ofisi ya kijiji kutuchukulia karatasi ya ruhusa ya kuvua, sisi tukatangulia polepole. Tumefika tu ukingoni, akatokea mlinzi wa mto, koti la mvua na rungu.

"Kamwene," akatusalimu Kihehe.

"Kamwene."

"Wazee wangu, mna kibali?"

Uso wa mume wangu ukang'aa. "Zipo! Tena nyingi!" Akanipa kopo nifungue, akamsogezea mlinzi puani. "Chagua mwenyewe. Hii nyekundu ni jogoo wa mama huyu."

Mlinzi akatazama kopo, akatutazama sisi. "Mzee, nakuuliza kibali."

"Si ndiyo hizo kebali!"

"Mzee wangu, yaani unanihonga manyoya?"

Jamani! Niliona uso wa mume wangu unajifunga kama duka. Akachukua kopo lake. "Mama, turudi nyumbani."

Nikaanza kumweleza mlinzi, Wajapani, jogoo, r na l, maneno yanagongana, nusu nalia. Mara mdogo wangu huyo anateremka kilima mbio, karatasi juu, anapiga kelele: "Kibali hiki hapa! Kebari hizo hapo!" Kicheko kikamtoka mlinzi mpaka rungu likaanguka. Na mume wangu, ambaye tangu augue nilikuwa sijasikia kicheko chake, akacheka. Akacheka mpaka nikamshikilia asitumbukie, na kwa kuwa alikuwa anacheka hakuniambia nimwache. Mlinzi akaomba kebari moja, akaichomeka kwenye kofia, akaondoka akiuliza grupu linaingiwaje.

Mume wangu akarusha. Mkono mmoja, kiwiko kimetulia, kebari inatua juu ya maji taratibu. Akarusha tena na tena. Maji yakachemka kidogo, fimbo ikapinda.

Hapo ndipo lile swali la sebuleni likaja. Fimbo aliinua, samaki akasogea, lakini bila kigurudumu mshipi haujikunji. Lazima mkono wa pili uudake, umvute samaki mpaka ukingoni. Mume wangu akautazama mkono wake wa kushoto. Samaki akakimbia na maji, akarudishwa, akakimbia tena. Mdogo wangu akataka kuruka, nikamvuta kitenge. Mikono yangu mwenyewe niliibana kwapani isinisaliti. Moyoni nasema, Mungu wangu, asiseme turudi. Asiseme tu.

"Mama."

"Abee."

"Shika mshipi."

Niliingia majini na viatu vyangu. Maji ya Mufindi, we acha tu! Nikaudaka.

"Polepole. Usikaze. Sasa vuta. Nimesema polepole, huyo siyo ndoo ya kisimani!"

"Nimekusikia."

Tukamtoa, trauti mdogo tu, madoa ubavuni, urefu wa ndizi moja. Mume wangu akamtazama, akanitazama mimi niliyelowa mpaka magotini. "Ndaga," akasema, asante ya kwao. Tukamrudisha majini, ingawa mimi nilishamwona kwenye kikaango.

Jumapili yake, tukiwa tumesharudi Mbeya, nilikuwa nachana nywele niende kanisani. Akatoka chumbani. Hakuvaa sweta. Alivaa shati jeupe, lile la harusi ya binti yetu, mkono mmoja ameuingiza kwa shida, vifungo vyote wazi, kifua nje. Akaja akasimama mbele yangu, akaangalia juu kwenye dari.

"Tutachelewa," akasema.

Nikaweka kitana chini. Nikaanza na kifungo cha chini, kimoja kimoja, taratibu, nisije nikamaliza upesi.