Koma ya Mtu Aliye Hai

Ngala Garama alikufa mwaka wa arobaini na nne, na yeye mwenyewe hakupata habari. Wakati huo alikuwa Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, na jeshi la Keya la Waingereza, amezama matopeni hadi kifuani, akipigana na mbu. Wajapani nao walikuwapo, ila walikuja baadaye. Mbu ndio waliokuwa wenyeji wa vita. Na mbu wa huko wana adabu zao: humvua askari kofia kwanza, wakaitundika mtini isichafuke, ndipo wakamnyonya. Asiyeamini na aende Bama akaulize. Kofia bado zinaning'inia.

Nyumbani kwao, bara ya Kinango, katika nchi kavu ya Waduruma ambako hata mawingu hupita mbio, miaka miwili ilikwisha bila neno. Ndipo mjomba wake, mzee Chengo, akaota ndoto. Alimwona Ngala amesimama mvuani, analowa, anaomba nguo. Sasa, mzee Chengo alikuwa amekula kunde bakuli tatu, na mwenye bakuli tatu za kunde tumboni anaweza kuota hata harusi ya fisi. Lakini nani alizihesabu kunde? Huko kwao mtu akija ndotoni kuomba nguo, huyo amekwisha kufa, na anachotaka ni koma yake: kipande cha mti wa muhuhu kilichochongwa mfano wa mtu, kichimbiwe penye boma, kivishwe kitambaa, kinyweshwe tembo la mnazi na uji ili mwenyewe atulie. Wakamchonga. Wakamchimbia. Matanga yake yalifana hata jirani mmoja akasikika akisema, heri ningekufa mimi.

Mwaka wa arobaini na sita Ngala akatokea njiani na kabuti lake la jeshi, mguu mmoja ukichechemea. Mbuzi walimtambua. Watu walikimbia.

Alipofika penye boma akakutana na yeye mwenyewe. Mti wa kimo cha mtoto, kichwa cha mviringo, pembetatu ndogo ndogo zimechongwa kifuani, kitambaa chekundu kiunoni. Uji wa asubuhi ulikuwa haujakauka miguuni pake. Na mkewe, Kahaso, aliyemwacha mwari, alikuwa amesimama mlangoni pa Thoya, ndugu yake Ngala, tumbo limetangulia. Alikuwa amerithiwa kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyefanya kosa.

Wazee wakaketi siku mbili.

"Ing'oeni basi hiyo koma," akasema Ngala. "Mimi huyu hapa."

"Koma haing'olewi," wakajibu. "Boma likihama, koma hubaki. Huo ndio mwili wa marehemu."

"Basi mimi ni nani?"

Mzee Chengo ndiye aliyejibu, kwa upole, maana kunde zilikuwa zake. "Wewe, baba, ni mgeni unayefanana naye."

Wakamkaribisha chakula katika bakuli la wageni. Alikula, akashukuru, akaondoka.

Alishuka hadi pwani, akapewa kipande cha ardhi ukingoni mwa Munje, pale mashamba ya minazi yanapokwisha. Wenyeji ni Waislamu, watu wema, wakamwita Mzee Keya ingawa hakuwa mzee. Alichonga vinu, mbuzi za kukunia nazi na miiko, na kinu chake kilikuwa kigumu hivi kwamba mwanamke mmoja wa Galu alitwanga mpunga mpaka mchi ukaisha mikononi, kinu hakina hata alama. Watu walikuja, wakanunua, wakaenda. Hakuna aliyeketi, maana habari za matanga yake zilimtangulia. Mtu aliyekwisha kuliliwa huketi naye nani?

Naye alikuwa na wageni wake. Wanne, walioanguka karibu yake kule Bama, wakafunikwa majani kwa sababu jeshi lilikuwa na haraka. Kitsao, Mangi, Kahindi na Boga. Hakuna mjomba aliyewaota. Basi aliwaota yeye, kila siku aendapo kulala, mwaka baada ya mwaka, wanaomba nguo. Mwishowe akachukua tezo na patasi, akawachonga kwa muhuhu, akawachimbia mstari mmoja nyuma ya kibanda. Kitsao alichongewa mdomo wazi, kwa kuwa alikuwa akicheka hata usingizini. Mangi alikuwa na bega moja juu, la kubebea bunduki kubwa. Kahindi alitembea na homa siku kumi na tisa, na kifuani pake kuna pembetatu kumi na tisa. Boga alikuwa Mwislamu wa pande hizi hizi za Diani, kwa hiyo hakuchongewa uso wala kichwa. Mti mtupu tu, uliosuguliwa ukang'aa kama mtu aliyetoka kutawadha.

Mwanapili, jirani aliyekaanga samaki, alipopita pale alijifunika kanga machoni.

"Mzee Keya, hao wako watu au shetani?"

"Askari."

"Mbona hawaamkii?"

"Wewe umewaamkia?"

"Staghfirullahi! Niamkie magogo, nitafute balaa?" Akaacha samaki mmoja juu ya jani la mgomba, akaenda zake akicheka. Kwa juma zima, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya Ngala.

Uhuru ukaja, bendera ikapanda, na mwaka uliofuata akaja mwalimu wa shule, kijana wa Msambweni aliyeitwa Abdurahman.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mwalimu alizizunguka koma zile nne, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Alihesabu pembetatu za Kahindi kwa kidole, akafika kumi na tisa, akauliza, naye akaelezwa. Alipogeuka macho yalikuwa mengine.

"Mzee wangu, siku ya Jamhuri wilaya nzima inakusanyika Kwale. Kila shule italeta kitu cha kuwafundisha watu. Wengine wanaleta mikeka, wengine vyungu. Mimi nawataka hawa. Watoto wangu wanadhani vita vya Bama walipigana wazungu peke yao, sisi tulikuwa tukiwapikia chai."

"Chai tulipika pia," akasema Ngala.

"Nitakuja na gari la ng'ombe. Tutawang'oa taratibu, halafu tutawarudisha. Ni sanamu tu, mzee, hawataumia."

Ngala aliwatazama wale wanne. Jambo alilolitaka kuliko chakula, watu wayajue majina manne, lilikuwa limekuja kwa miguu yake likampa shikamoo. Lakini akikubali kwamba ni sanamu tu, mti wa kubebwa na gari la ng'ombe, basi na ule mwingine kule Kinango ni mti tu. Na kama ni mti tu, angaliung'oa siku ile ile, akamshika Kahaso mkono, na miaka kumi na minane asingaliila peke yake. Na akikataa, kwamba ni koma kweli, basi Kitsao na wenziwe watakaa nyuma ya kibanda wakitazamwa na kuku, na yeye mwenyewe ni marehemu.

"Hawa hawatoki," akasema mwishowe. "Lakini iko koma moja inayoweza kutembea, maana mwenyewe yu hai. Nitaileta hiyo. Tukutane Kwale."

Akavaa kabuti, akatwaa jembe, akashika njia. Alitembea siku mbili. Kivuli chake kilichoka njiani, kikamwomba ruhusa, kikaketi. Akakikuta tena siku ya kurudi.

Alifika alasiri. Thoya alikuwa malishoni na ng'ombe. Boma lilikuwa limepungua, mzee Chengo naye amekwisha kuwa mti, amechimbiwa mwanzo wa mstari. Ngala alitaka kung'oa na kwenda, asimwone mtu. Lakini alisikia sauti, akasimama nyuma ya ua.

Kahaso alikuwa ameketi chini mbele ya koma yenye kitambaa chekundu, bakuli la uji mkononi, nywele zimeingia mvi. Hakuwa akiomba dua. Alikuwa akipiga soga.

"... na Mbodze binti yangu ameposwa, nilikwambia? Na huyo mkwe, ndugu yangu, masikio! Upepo ukivuma ana kazi ya kujishikilia. Na yule ndama mweupe amekufa. Nilijua. Nilikwambia atakufa, hukusema kitu."

Akamimina uji kidogo, akaunywa uliobaki.

Ngala akakohoa.

Kahaso aligeuka. Hakupiga kelele. Alimtazama juu mpaka chini, kabuti, jembe, mguu mbovu.

"Ni wewe," akasema. "Umezeeka. Huyu hapa hazeeki."

"Hujambo, Kahaso?"

"Sijambo. Umekuja kulima?"

"Nimekuja kuichukua hiyo. Kuna watu Kwale wanataka kufundishwa."

Mwanamke akaliweka bakuli chini. Akaupangusa mti vumbi begani, kama mke ampangusavyo mumewe anayetoka kwenda barazani.

"Ichukue. Ni yako. Hapana wa kukuzuia." Kisha akasema, bila kumtazama, "Ila nami nitazungumza na nani?"

"Yuko Thoya."

"Thoya ni mtu mwema. Huzungumza na ng'ombe." Akacheka kidogo. "Miaka yote hii nimekuambia wewe. Watoto walipougua, nilikuambia. Njaa ilipokuja, nilikuambia. Hata siku ile ulipokuja mwenyewe ukaenda, jioni nilitoka nikakuambia: leo amekuja mtu anayefanana nawe, nikashindwa kumkaribisha."

Ngala alitaka kuketi. Hapakuwa na kigoda cha pili.

"Na mimi huwa nakujibu nini?"

"Hujibu. Ndiyo uzuri wako."

Akasimama pale na jembe lake. Alimtazama yule Ngala wa muhuhu, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba miguu yake ilikuwa imelainika, imeng'aa kwa kushikwashikwa. Mguu wake yeye, wa nyama, haukuwa umeshikwa na mtu tangu daktari wa jeshi.

"Na akae," akasema. "Mwambie mkwe afunge kilemba, masikio yatatulia."

"Nitamwambia," akajibu Kahaso. Ila haikujulikana atamwambia mkwe, au atauambia mti.

Siku ya Jamhuri uwanja wa Kwale ulijaa. Mwalimu Abdurahman alikuwa amesimama penye nafasi ya shule yake, pametandikwa jamvi, juu ya jamvi hapana kitu. Huku mikeka, huku vyungu, huku ngoma kubwa kama nyumba. Alipomwona Ngala anachechemea mikono mitupu, uso ulimshuka.

"Mzee wangu! Koma iko wapi?"

"Hii hapa."

Akavua viatu, akapanda jamvini. Akafunga kitambaa chekundu kiunoni juu ya kabuti, akabana mikono ubavuni, akatuliza macho. Akachimbiwa.

Jua la Desemba lilimchoma hata vifungo vya kabuti vikayeyuka, vikadondoka kama asali, wako waliovichovya. Watu wakasogea. Walicheka kwanza.

"Hii nini?" akauliza bwana mmoja mnene mwenye tai.

"Ni koma, bwana," akajibu mwalimu. "Iulize."

"Wewe mti, ulikufa wapi?"

"Bama," ukasema mti. "Na wenzangu wanne."

Akawataja. Akacheka kama Kitsao. Akainua bega kama Mangi. Kwa Boga alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo muda mrefu, na wazee Waislamu waliokuwa wakigeuka waende wakarudi. Kwa Kahindi aliwaambia watoto wahesabu naye kwa sauti, siku moja, siku mbili, na walipofika kumi na tisa uwanja mzima ulikuwa ukihesabu, kisha ukatulia. Msichana mmoja akanyoosha kidole, akamgusa mguu kuona kama ni wa moto au wa baridi.

Tangu hapo mwalimu alileta darasa Munje kila mwaka mara moja. Watoto walikaa chini mbele ya zile koma nne, wakahesabu, wakataja majina, wakaenda. Siku nyingine zote za mwaka zilikuwa za kuku na za Mwanapili, ambaye sasa alisema "Salaam alaikum" kwa Boga peke yake, upesi, kanga machoni.

Na kibandani ubao mmoja ulibaki wa ule muhuhu aliowachongea wenzake. Ngala hakuuchonga uso wala pembetatu. Jioni alikaa mbele yake na bakuli lake, akaueleza kinu kimeuzwa kwa nani, samaki alikuwa na chumvi kiasi gani, akauuliza kama masikio ya mkwe yametulia. Hakuuchimbia. Aliuegemeza tu ukutani, maana mwenyewe yu hai, kule Kinango.