Bendi ya Nyumbani Kwetu Changamwe

Enzi zetu kule Changamwe, mtoto akirudi nyumbani hakuulizwa alikuwa wapi, aliangaliwa miguu. Vumbi jekundu lilimaanisha ulikuwa uwanjani ukicheza kati au bano. Masizi yalimaanisha ulikuwa relini, ambako tulikatazwa, na hapo fimbo ilikuwa tayari. Nyinyi mliokulia katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari mistari, mnanielewa. Mnakumbuka harufu ya mahamri alfajiri, mbaazi za nazi za jirani zikitokota, na viazi vya karai vilivyotuunguza ulimi tukitoka shule kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya kuvipuliza. Mnakumbuka pia kwamba nyumba moja ikifungua muziki, mstari mzima ulisikiliza, upende usipende. Basi nyumba iliyokuwa ikiwasumbua watu ni yetu.

Baba alikuwa fundi wa mabehewa ya reli, mtu wa Rabai, mzee wa kanisa, mpole kuliko wanaume wote wa mtaa. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni muziki wa soul. Alinunua santuri kwa mabaharia walioshuka bandarini, na Jumamosi adhuhuri akitoka kazini hakuvua hata viatu. Aliweka santuri kwenye gramafoni, akafumba macho, akapiga meza kwa viganja mpaka vikombe vikaruka. Maneno tulikuwa hatuyaelewi, ila kilio kilichokuwamo tulikielewa. Kaka yangu Yohana, mkubwa wetu, alianza kuwafuatiza waimbaji wale angali na kaptura ya shule. Sauti yake ilianzia chini kifuani ikapanda polepole, na ilipofika juu Mama aliacha kupepeta mchele, ungo ukabaki hewani.

Gitaa halikununuliwa kwa ajili yangu. Mwanamuziki mmoja wa hoteli alikuwa akihamia Nairobi, Baba akalinunua kwake ili Yohana ajifunze. Yohana akashindwa. Akikumbuka vidole alisahau maneno, akikumbuka maneno vidole vililala. Gitaa likaegeshwa nyuma ya mlango, na mimi, mtoto wa pili, nikaanza kulichokoza kila Mama alipokwenda sokoni. Nilikuwa darasa la tano, mkono wangu haujatosha kuizunguka shingo yake.

Siku Mama aliponifuma alimgeukia Baba. "Baba Yohana, mwana wa kike na gitaa? Atamwoa nani?"

"Atamwoa asiye kiziwi," akasema Baba, akaendelea kunywa chai yake.

Vidole vilinitoka malengelenge. Mama alinipaka mafuta ya nazi akinung'unika, lakini kabla mwaka haujaisha alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni, "Hapo hujapiga sawa, rudia!" Hivyo ndivyo bendi ilivyozaliwa. Baba akatafuta ngoma kuukuu akawa mpigaji, mdogo wetu wa kike, Sidi, akapewa besi iliyomzidi urefu, mimi gitaa, Yohana sauti. Mama alitushonea sare kwa kitambaa cha mapazia cha rangi ya machungwa. Majirani walisema tukisimama pamoja tunafanana na dirisha.

Tulipiga kanisani kwanza, wazee wakakunja nyuso. Kisha harusi zikaanza kutuita. Jirani yetu alikuwa dereva wa lori lililopeleka mboga soko la Kongowea, na akimaliza kushusha mzigo alitubeba sisi na vyombo vyetu, tukikalia magunia matupu. Tulipiga Kisauni, tukapiga Bombolulu, sote tukinuka vitunguu, na watu walicheza vivyo hivyo. Leo mpwa wangu mmoja anayejiita mwanamuziki huniambia hawezi kuimba mahali pasipo na kiyoyozi. Namtazama tu. Baadaye hoteli moja ya pwani ya kaskazini ikatutaka kila Jumamosi, na Mama akaanza kutuita "wasanii" hata alipotutuma kuteka maji.

Mahali pangu jukwaani palikuwa nyuma ya Yohana, upande wa kushoto. Nyumbani kwetu hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu. Yohana alipokuwa tayari kuimba, bega lake la kulia lilipanda kidogo, kama mtu anayeinua mzigo, nasi sote tukaingia. Watazamaji walimtazama uso. Mimi nilimjua kwa bega.

Ilikuwa harusi ya Likoni, uani kwa rafiki wa Baba wa kazini, jua limesimama utosini. Yohana alikuwa akilalamikia koo kwa muda, tukadhani ni vumbi la lori. Tulifika kwenye wimbo uliopendwa kuliko zote. Bega likapanda, nikaingia, Baba akaingia, Sidi akaingia. Sauti haikuja. Yohana alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi. Mama wa bwana harusi aliinuka mkekani akapiga kelele, "Wallahi, mpeni maji mwana huyu! Hamuoni?" Sidi akayadaka maneno kwa sauti yake nyembamba, akaufikisha wimbo mwisho, nami nikapiga huku machozi yakinidondokea mikononi. Kwenye feri tulisimama kando ya vyombo vyetu. Yohana alikuwa ameshika koo lake kwa vidole viwili, taratibu, kama anayegusa kitu cha mtu mwingine.

Hospitali waliona uvimbe kooni, wakaukata. Uhai ukabaki, sauti ikaenda. Tangu siku hiyo kaka yangu alizungumza kwa mnong'ono, na ilibidi umsogelee ndipo umsikie.

Meneja wa hoteli alikuja mwenyewe nyumbani. "Mzee, pole sana. Lakini tafuteni mwimbaji mwingine. Watu wanawapenda."

"Hii ni nyumba yangu, bwana," Baba akamjibu. "Nyumba haiajiri koo." Alipoondoka yule meneja, Baba aliziingiza ngoma zake uvunguni mwa kitanda, na sikumwona akizigusa tena. Hata meza hakuipiga.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na bendi moja ya mjini ilikuwa imenitumia salamu: walitaka mpiga gitaa. Nilinyamaza. Ungesemaje neno kama hilo katika nyumba yenye msiba wa aina ile? Lakini mtaa hauna siri. Jioni moja nilikuwa uani nikiosha vyombo, Yohana akaja akachuchumaa kando yangu.

"Nenda," akanong'ona.

"Na wewe je?"

"Mimi nimenyamaza. Usininyamazie na wewe."

"Baba atasema nini?"

"Nimeshasema naye. Ukikaa kwa ajili yangu, kila nikikuona nitajiona nimekufa."

Nikaenda. Nimepiga Malindi, nimepiga Nairobi, nimevuka mpaka nikapiga Kampala. Nimerekodi nyuma ya waimbaji ambao pengine mlicheza nyimbo zao harusini mwenu bila kujua gitaa lile ni la mwana wa landhi. Wenzangu walikuwa watu wema. Lakini walihesabu moja, mbili, tatu, nami kila mara moyo ulinishuka kidogo kabla ya wimbo kuanza. Onyesho likiisha walikwenda kwa wake zao, nami chumbani nikachemsha chai ya mtu mmoja. Kuna raha ya kushangiliwa na ukumbi mzima, siikatai. Lakini kuna upweke wa kutoka pale ukakosa wa kumwambia kwamba viatu vimekubana. Ndoa haikuja. Aliyekaribia kunioa hakuwa kiziwi, maskini. Alichoka tu kula peke yake.

Niliporudi Mombasa kukaa, Baba na Mama walikuwa wamelala makaburini Rabai. Nikapanga chumba Mikindani. Sidi alikuwa ameolewa Kisauni, amesilimu, ana wajukuu. Besi aliiacha bila kukatazwa na mtu. Huja kuniona na haluwa, tunacheka, lakini nikitaja bendi hunipigapiga goti na kusema, "Dada, yale yalikuwa mambo ya utoto." Kwangu yalikuwa ndiyo maisha. Simwambii.

Aliyebaki nami ni Yohana. Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwangu. Tulikula wali na samaki wa kupaka, kisha nikalichomeka gitaa kwenye spika, sauti chini ili nisiudhi majirani. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho kama Baba, midomo ikaanza kwenda. Hakuna kilichosikika. Lakini bega lilipanda, nami nikaingia. Tulizipitia nyimbo zote hivyo, mimi na bega lake. Nikikosea, aliinua kidole.

"Umewahi kuingia," akanong'ona.

"Wewe ndiye uliyechelewa," nikamjibu, naye akacheka kile kicheko chake cha pumzi.

Masika yaliyopita Yohana alituacha. Mazishini vijana walileta kinanda cha umeme, wakaimba vizuri, siwezi kuwasengenya. Yule mpwa wangu aliniinamia. "Shangazi, hupigi hata mmoja?" Nikatikisa kichwa. Ningeingia wapi, na bega limelala?

Baada ya matanga alinionyesha simu yake kwa fahari. Humo ndani mna gitaa, besi, ngoma, hata watu wa kupiga makofi. "Mtu mmoja anatosha, Shangazi," akaniambia. Na kweli, anatosha. Hasubiri lori la mboga, halalamikiwi na jirani, haogopi kwamba mwenzake ataugua. Nilipita kwenye landhi juzi. Milango imefungwa, na kila kijana ana waya zake masikioni, anatikisa kichwa kwa wimbo ambao wa kando yake hausikii. Sisi wimbo haukuanza mpaka wote tuwe nyumbani.

Jumapili bado napiga. Majirani wa hapa ni wageni, nadhani wanaona bibi huyu anajifunza gitaa uzeeni. Naanza taratibu, nakiacha kigoda mahali pake, nasubiri, kisha naingia pale nidhanipo ndipo. Huenda nawahi. Huenda nawahi kila siku. Hakuna tena wa kuniambia.