Kufuli Jipya Halivunji Mapatano

Mjukuu wangu, ipo siku moja nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe sikucheka hata kidogo. Nilikuwa nimejificha jikoni kwangu mwenyewe, nimechuchumaa nyuma ya gunia la mkaa, na nje mtu anapiga hodi. Hakuwa mgambo wala mwizi. Alikuwa Mzee Rajabu, dalali wa nyumba, mtu mpole kuliko madalali wote wa hapa Mpanda.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia yule dalali uliyempa nyumba yako ya Kabungu aiuze, akipiga simu siku hizi hupokei, eti umeghairi. Usinune. Kaa tuongee.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mjane kijana. Marehemu mume wangu aliniachia mapacha, Kulwa na Doto, na nyumba hii ya matofali ya kuchoma ambayo matofali yake aliyafyatua mwenyewe. Mdogo wake, shemeji yangu, akaja kutoka Kahama akanishauri niuze nyumba, twende tukaishi kwao. Nawe akili ya msiba unaijua, kila anayesema unaona amesema kweli. Nikamwita Mzee Rajabu.

Wakati ule wengi wetu hatukuandikishana. Mkikubaliana na dalali mnakaa mbele ya balozi wa nyumba kumi, unatamka kwamba umemkabidhi nyumba aiuze, kisha unampa ufunguo. Kuanzia hapo anayeushika ana haki ya kuleta wateja. Mimi na watoto tukahamia vyumba vya uani, nyumba kubwa ikafungwa ikisubiri mnunuzi.

Katika kusubiri huko nikaanza kupika vitumbua, nawauzia abiria wa treni. Mwanangu, vitumbua vikanikubali! Siku ya treni nilirudi na beseni tupu. Taratibu akili ikanirudia, nikaanza kujiuliza: Kahama naenda kufanya nini? Kulea wanangu kwa huruma za watu, na baba yao kawaachia paa? Nikaamua siuzi.

Lakini kumwambia Mzee Rajabu niliona aibu. Alikuwa ametembea juani kwa ajili yangu, ameinadi nyumba mpaka kwa watu wa Ikola huko ziwani. Ningeanzia wapi? Basi nikafanya ujinga ambao niliuona ni werevu. Nikanunua kufuli jipya sokoni, nikamwita fundi akalikata lile la zamani, nikafunga langu. Nikajisemea, ufunguo wake haufungui tena, kwa hiyo mapatano yamekwisha.

Siku ile ya gunia la mkaa alikuja na mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ikola. Nilipokaa kimya, akaenda mlangoni kufungua mwenyewe. Nikasikia ufunguo unahangaika kwenye kufuli, unakataa. Mgeni akauliza, "Mzee, kweli hii nyumba umepewa wewe, au unatutembeza tu?" Mzee Rajabu akauchomoa ufunguo wake. Wakaondoka.

Shangazi yangu wa Magamba alikuwa amekuja kunitembelea, amejipumzisha chumbani, na yote ameyasikia. Akanikuta natoka jikoni na masizi magotini.

"We mtoto, kufuli umebadili. Neno lako je, umelibadilia wapi?"

Nikamwambia naogopa mzee atakasirika.

"Akasirike! Si kazi kafanya? Mzee wa watu kaonekana tapeli mbele ya mgeni, na wewe umejikunyata jikoni. Asante ya punda ndiyo hiyo! Ulimkabidhi mchana mbele ya balozi, na kumwachisha kazi iwe hivyohivyo. Nyie vijana mnadhani ukikimbia mtu ndiyo mmemalizana. Vaa khanga, twende."

Tukampitia Mzee Rajabu, tukaenda kwa balozi. Mbele ya balozi nikasema yote, hata la kufuli. "Mzee wangu, umenihangaikia na nakushukuru. Nyumba siuzi tena. Nimekukosea, naomba unisamehe." Shangazi akamsogezea kapu la karanga alilokuja nalo, akasema hiyo ni pole ya miguu, kwa sababu mtu aliyetembea juani kwa ajili yako haondoki kwako mikono mitupu.

Mzee Rajabu akalipokea kapu, akashukuru. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mbele ya balozi.

"Kughairi siyo kosa, Mama Kulwa, nyumba ni yako. Kilichoniuma ni lile kufuli. Haya, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Ila twende wote kwa yule mgeni wa Ikola, ukamwambie mimi siyo tapeli."

Tukaenda, nikamwambia. Mgeni akacheka sana.

Ningeishia hapo ungesema bibi anafundisha adabu tu. Sikiliza. Baada ya mavuno shemeji alishuka kwenye treni bila kuniarifu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Rajabu. Akamwambia nyumba ni ya marehemu kaka yake, mwanamke hana sauti, atafute mteja kimyakimya. Hebu fikiri, mwanangu. Kama ningekuwa nimemkimbia yule mzee, angenitetea kwa lipi? Ufunguo angekuwa nao, na kidonda nilichomtia moyoni.

Badala yake alimwongoza shemeji mpaka kwa balozi, akatuma niitwe, akasema mbele yetu sote: "Nyumba hii nilikabidhiwa na Mama Kulwa hapahapa, na hapahapa alisema haiuzwi. Mimi mwenye nyumba ninayemjua ni huyu na wanawe. Na madalali wenzangu nimeshawaambia." Balozi akasema ni kweli. Shemeji akatazama chini. Nilimpikia, akala, kesho yake akapanda treni, na habari za kuuza hakuzirudia tena.

Nililia siku hiyo, kwa furaha. Mpaka leo sisali bila kumtaja Mzee Rajabu, na shangazi pia, aliyenitoa jikoni kwa maneno makali. Mama yako Doto ameolewa akitokea nyumba hii, na kitovu chako wewe kimezikwa hapo nyuma.

Basi shika haya. Mtu uliyemwita, usimkimbie. Mfuate mchana, pamoja na yule aliyeshuhudia mlipokubaliana. Anza na shukrani, halafu sema wazi kwamba huuzi, usimzungushe. Wateja aliowaleta nao wajue, asije akaaibika kwa ajili yako. Na jasho lake lijali, hata kama ni kwa karanga. Mficha uchi hazai, mwanangu. Ukiagana na mtu vizuri, siku ukisemwa vibaya usipokuwepo atakusemea.

Mungu akupe kinywa cha kusema kweli bila kuogopa, akukutanishe na watu wenye moyo wa Mzee Rajabu, na paa lako lisikose watoto chini yake. Amina.