Rungu la Madam Jelimo

Mmewahi kuona mwalimu mkuu akikabidhiwa rungu, filimbi na mbwa mbele ya wazazi?

Mimi nimeona. Ilikuwa 2004, shule moja karibu na Kamukuywa, hapa Bungoma.

Na aliyemkabidhi ni mume wangu, Wepukhulu.

Alikuwa soja wa geti hapo. Jioni moja alirudi uso umemshuka.

"Mama Viola, kazi imeisha."

"Ati nini?"

"Mwalimu mkuu ametangaza paredi. Ijumaa kuna changing of the guard, kubadilisha mlinzi. Si guard ni mimi?"

"Labda anamaanisha watu wengine."

"Angesema guards. Hakuweka s! Na shule nzima guard ni mmoja, bana."

Kiingereza mimi nilikiacha darasa la nne. Nikamwaza Viola wetu, kidato cha pili. Bila kazi hiyo angerudi nyumbani kwa kukosa karo.

Ijumaa Wepukhulu akapaka viatu rangi.

"Kama ni kuondoka, nitaondoka kama wale soja wa Uingereza wenye kofia za manyoya."

Aliwaona kwa televisheni ya jirani.

Mwalimu mkuu, Bwana Gachanja, akasimama na mama mgeni kutoka Kitale, Madam Jelimo.

"Wazazi, sasa ni changing of the guard!"

Wepukhulu akatoka getini. Mguu juu, mguu chini, paa! Akampigia yule mama saluti, akampa rungu, filimbi na kamba ya Popi, mbwa wa geti.

"Madam, geti la nyuma limelegea. Na huyu mbwa hapendi mainspekta wa shule."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikajifunika leso usoni.

Madam Jelimo hakucheka hata kidogo. Akasimama wima, akarudisha saluti, akapuliza filimbi. Popi akabweka.

Gachanja akamvuta mume wangu kando.

"Mzee, anayeondoka ni mimi! Madam ndiye mwalimu mkuu mpya. Guard hapo si mtu mmoja, ni zamu nzima. Na huo ni msemo tu, kiongozi anampisha mwingine."

Wepukhulu akageuka kumtazama Madam na rungu lake.

Madam akasikia. Akamrudishia mbwa na filimbi.

"Rungu nitabaki nalo. Wewe rudi getini, baba. Nani mwingine atanilinda?"

Wakati wa chai nikamfuata kumshukuru kwa kumsitiri mzee wangu.

Akainama sikioni mwangu.

"Mama, usiniambie asante. Mimi nilidhani ndiyo desturi yenu huku Bungoma!"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini wajukuu wangu, yeye pia hakuelewa, na bado alipokea kwa mikono miwili. Mtu akikuletea kitu kwa heshima, kipokee kwanza. Maana yake utaulizia kwenye chai.